Kengele ya Pampu Ikilia, Nani Anaamka? Somo kutoka mwambao wa Kirando



Katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea habari za visima vilivyochimbwa, matenki yaliyojengwa na vilula vilivyofunguliwa. Safari hii tunaomba uvumilivu wenu tuzungumzie kitu kidogo, ambacho mgeni rasmi hakioni siku ya uzinduzi. Ni vikomo vya kengele ndani ya dira ya maji, yaani zile tarakimu zinazoiambia dira ni wakati gani ipige kelele na ni wakati gani inyamaze.

Huenda msomaji akasema hayo ni mambo ya mafundi. Sisi katika ofisi ya miradi tulisema hivyo hivyo. Tulipokea dira ikiwa imeshafungwa, tukasaini hati ya makabidhiano, tukapiga picha ya pamoja. Hatukuuliza ndani yake kumewekwa nini. Kwa kutouliza, tuliwapotezea wananchi maji mengi, na tulikaribia kumvunjia heshima mtu mwaminifu.

Shida ya maji kando ya ziwa

Kirando iko mwambao wa Ziwa Tanganyika, Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Anayetoka Sumbawanga hupita Namanyere, kisha huanza kuteremka kutoka nyanda za juu za Ufipa hadi aone maji ya bluu yaliyotanda mpaka upande wa Kongo. Ziwa hili lina kina cha takribani mita 1,470. Duniani linapitwa kwa kina na Ziwa Baikal la Urusi peke yake.

Wageni wetu hushangaa kusikia kwamba watu wanaoishi kando ya maji mengi kiasi hicho wana shida ya maji. Lakini maji ya ufukweni ndiyo yanayofulia nguo, ndiyo yanayosafishia dagaa na migebuka, na ndiyo yanayopokea kila uchafu unaoteremshwa na mvua. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi ya nchi yetu ulitukumbusha kwamba maji kuwa karibu si sawa na maji kuwa salama.

Sera ya Maji ya Taifa ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, kazi hiyo vijijini inasimamiwa na Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), na miradi huendeshwa na Vyombo vya Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii. Kanisa letu huchangia pale linapoweza, na washarika wetu ni wajumbe katika vyombo hivyo kama wananchi wengine.

Mradi tunaouzungumzia uko katika mwambao huo. Kijiji hatutakitaja kwa sababu ambayo mtaielewa. Mradi wenyewe ni wa kawaida. Pampu inayotumia umeme wa jua huchukua maji kwenye kidakio ziwani na kuyasukuma kwa bomba la kupandisha hadi kwenye tenki la lita 50,000 lililo kilimani. Kutoka hapo maji hushuka yenyewe hadi kwenye vilula. Karibu na pampu, juu ya bomba la kupandisha, imefungwa dira ya sumaku-umeme yenye kioo cha tarakimu, inayotumia betri yake yenyewe. Imeunganishwa na honi na taa nyekundu kwenye nyumba ya mashine.

Maji yaliyopotea usiku

Msimu mmoja wa mvua, mtunza hazina aliweka madaftari mawili mezani. Daftari la dira lilionyesha kwamba kwa wastani pampu ilipandisha mita za ujazo 88 kwa siku. Daftari la vilula lilionyesha mauzo ya mita za ujazo 71. Mita za ujazo 17, karibu moja ya tano ya maji yote, hazikuonekana. Wakati huo huo akina mama walikuwa wakilalamika kwamba vilula vinakauka kabla ya saa 2 asubuhi, na baadhi yao walikuwa wamesharudi ziwani na ndoo zao.

Kamati iliuliza swali ambalo kamati yoyote ingeuliza: usiku nani yuko karibu na maji? Jibu lilikuwa mwendesha pampu, mzee wetu mmoja mwenye familia kubwa, aliyefanya kazi hiyo kwa posho ndogo tangu siku ya kwanza. Wavuvi waliokuwa wakitoka na taa zao kutafuta dagaa walisema wamemwona zaidi ya mara moja na tochi kando ya bomba usiku wa manane. Maneno yakatembea kwamba anawauzia watu maji gizani. Akasimamishwa kazi. Jumapili zilizofuata alikaa benchi la nyuma kabisa, kisha akaacha kuja.

Kabla ya kusimamishwa alikuwa amemwambia mchungaji, "Baba Mchungaji, lile bomba linanong'ona usiku. Pampu imezimwa, lakini ukiweka sikio unasikia maji yanatembea." Ndiyo maana alikuwa akienda na tochi. Tulipoletewa maneno hayo ofisini, tuliyachukua kama ya mtu anayetafuta pa kujificha. Tukajibu kwamba dira ni ya kisasa, na kama kungekuwa na maji yanayotembea usiku ingeonyesha. Usiku dira ilionyesha sifuri.

Lakini mzee alikuwa ameacha kitu. Kwenye kijiti cha kupimia kina cha tenki alikuwa akiweka alama ya mkaa kila jioni baada ya kufunga valvu ya kwenda kwenye vilula, na alama nyingine alfajiri kabla ya kuifungua. Alama za alfajiri zilikuwa chini kuliko za jioni, usiku baada ya usiku. Maji yalikuwa yakitoka kwenye tenki wakati njia ya vilula imefungwa.

Tulipompata fundi mwingine, hakuanza na bomba. Alianza na dira, akafungua orodha ya mipangilio ukurasa baada ya ukurasa huku akiandika kila tarakimu. Alikuta mambo matatu.

Kwanza, dira ilikuwa imepangwa kuhesabu maji yanayokwenda mbele tu. Pili, ilikuwa imeambiwa ipuuze mtiririko wowote ulio chini ya asilimia 10 ya kipimo chake cha juu. Kipimo cha juu kilikuwa mita za ujazo 25 kwa saa, kwa hiyo chochote chini ya 2.5 kilionekana kama sifuri. Tatu, waya wa honi ulikuwa umechomolewa.

Fundi alirekebisha yale mawili ya kwanza, kisha akangoja jioni. Pampu ilipozimwa, kioo kilionyesha alama ya kutoa na tarakimu 1.2. Maji yalikuwa yanarudi ziwani kwa kiasi cha mita za ujazo 1.2 kwa saa.

Kesho yake ilifunguliwa valvu ya kuzuia maji yasirudi, ambayo mafundi huiita nonritani. Ndani yake palikuwa na ganda la konokono wa ziwani limebana mlango wa valvu usifunge sawasawa. Chujio la kidakio lilikuwa limetoboka na ganda likapita. Kwa kuwa bomba la kupandisha linaingia tenki kwa chini, kila usiku tenki lilikuwa likirudisha maji ziwani polepole kupitia njia ile ile.

Tupige hesabu. Mita za ujazo 1.2 kwa saa kwa saa 12 za usiku ni mita za ujazo 14.4, sawa na ndoo 720 za lita 20. Kwa kiwango cha sera cha lita 25, hayo ni maji ya watu 576 kwa siku nzima. Zile mita za ujazo 2.6 zilizobaki katika pengo la mtunza hazina ni za kuoshea tenki na matone ya vilulani, upotevu wa kawaida kabisa. Hakuna ndoo iliyouzwa gizani.

Jinsi dira inavyohisi maji

Ili kuelewa kosa lilikuwa wapi, inafaa kujua dira ya namna hii inavyofanya kazi. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday aligundua kwamba kitu kinachopitisha umeme kikitembea katikati ya nguvu ya sumaku, huzalisha umeme kidogo. Maji ya ziwa letu yana chumvichumvi za kutosha kupitisha umeme. Dira huzungushia bomba nguvu ya sumaku, maji yanapopita huzalisha umeme mdogo sana, na dira huusoma. Maji yakienda kasi umeme huongezeka, na yakigeuza njia umeme nao hugeuka upande. Kwa hiyo dira yetu ilikuwa na uwezo wa kujua kwamba maji yanarudi. Ilikuwa imeagizwa isiseme.

Agizo la kupuuza mtiririko mdogo si la ujinga. Pampu ikisimama, maji ndani ya bomba huendelea kuyumbayumba kidogo, na bila kiwango cha kupuuza dira ingehesabu huo mtikisiko kama maji ya kweli. Tatizo ni ukubwa wa kiwango. Tulikishusha hadi asilimia 1, yaani 0.25. Hicho kinatosha kuficha mtikisiko bila kuficha uvujaji.

Kwa nini honi ilichomolewa

Hili la waya lilitusumbua zaidi, kwa sababu dira haikulifanya. Lilifanywa na watu. Tulipouliza bila kutisha tukaambiwa ukweli. Kengele ya mtiririko mdogo ilikuwa imewekwa ilie mara tu maji yakishuka chini ya mita za ujazo 15 kwa saa. Pampu yetu hufikia 18 jua la mchana likiwa kali. Lakini ni pampu ya jua. Asubuhi huanza polepole, wingu likipita hushuka, wingu likiondoka hupanda, na kuanzia Novemba hadi Aprili mawingu hayatupungukii. Honi ililia kila asubuhi na kila wingu. Kwa siku mbili za kwanza watu walikimbilia nyumba ya mashine. Wiki ya pili mtu akachomoa waya, na hakuna aliyemlaumu.

Jambo hili si la Kirando peke yake. Tarehe 24 Julai 1994 kiwanda cha kusafisha mafuta huko Milford Haven, Wales, kililipuka na watu 26 wakajeruhiwa. Uchunguzi wa Serikali ya Uingereza ulionyesha kwamba katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko, waendeshaji wawili walipelekewa kengele 275. Hakuna binadamu anayeweza kuzitofautisha kengele nyingi kiasi hicho. Baada ya ajali hiyo na nyingine za aina yake, viwanda vikaandika miongozo kuhusu kengele, na wazo lililo katika msingi wake ni rahisi: kitu kiitwe kengele iwapo tu kuna mtu anayetakiwa kufanya jambo fulani kinapolia. Kama hakuna la kufanya, kiandikwe daftarini tu, kisipigiwe honi.

Sisi tulikuwa na honi moja na mwendesha pampu mmoja, na bado tulifika pale pale.

Mambo matano ya kuuliza kabla ya kusaini

Tangu siku ile hatupokei dira bila fundi kukaa na kamati na kuyajibu haya kwa lugha ambayo mtunza hazina na mama wa kilula wataielewa.

1. *Kipimo kiko katika vizio gani?* Lita 5 kwa sekunde ni sawa na mita za ujazo 18 kwa saa. Mtu akiandika kikomo cha 5 akifikiria lita kwa sekunde, na dira inasoma mita za ujazo kwa saa, kengele ya kupungua maji haitalia mpaka pampu iwe karibu kufa. Andikeni kizio kando ya kila tarakimu.

2. *Kikomo kimetokana na nini?* Kisiwe kile kilichotoka kiwandani. Someni dira kwa wiki mbili, asubuhi, mchana na jioni, siku za jua na siku za mawingu. Mkishajua mwenendo wa kawaida mtaweza kusema kipi si cha kawaida.

3. *Dira husubiri muda gani kabla ya kulia?* Huu ni muda wa kusubiri. Wingu linaweza kupita kwa dakika chache, lakini bomba likipasuka halitajiziba. Muda wa kusubiri ndio unaozitofautisha hali hizo mbili.

4. *Ikishalia, hunyamaza kwa kiwango gani?* Kama hulia chini ya 6 na kunyamaza juu ya 6, basi maji yakicheza kati ya 5.9 na 6.1 honi italia na kunyamaza kama mtoto mwenye kwikwi. Ndiyo maana huwekwa pengo la kunyamaza: ilie chini ya 6, inyamaze ikishavuka 7.

5. *Umeme ukikatika au waya ukichomolewa, kengele hufanya nini?* Swichi ya kengele inaweza kupangwa ili hali ya usalama ndiyo inayohitaji umeme. Hapo waya ukikatika, taa huwaka au honi hulia kwa betri nyingine. Kwa mpangilio wa kinyume, waya uliokatika hufanana kabisa na amani.

Ukurasa mmoja ukutani

Baada ya masomo hayo, kamati ile iliandaa ukurasa mmoja na kuubandika kwenye nyumba ya mashine. Tunauweka hapa kama mfano. Tarakimu ni za pampu ile na bomba lile, msizinakili. Nakilini namna ya kufikiri.

*Maji yanarudi.* Hulia yakirudi kwa zaidi ya 0.5 kwa saa kwa muda wa dakika 5. Dakika hizo ni za kuruhusu mrudio mfupi wa kawaida pampu inapozimwa na valvu inapojifunga. Hatua: mwendesha pampu afunge valvu ya mkono kwenye bomba la kupandisha, aandike saa, ampigie fundi asubuhi. Pampu isiwashwe kabla valvu hiyo haijafunguliwa tena.

*Maji ni mengi kupita kawaida.* Hulia yakizidi 21 kwa dakika 1. Pampu inayosukuma maji kilimani ikianza ghafla kutoa mengi, mara nyingi bomba limepasuka mbele na mzigo umepungua. Hatua: zima pampu, kisha watu wawili watembee njia yote ya bomba hadi kwenye tenki.

*Maji ni machache mchana.* Hulia yakiwa chini ya 6 kwa dakika 10, na huhesabiwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 9 alasiri tu. Hatua: angalia jua kwanza, kisha vumbi kwenye paneli, kisha chujio la kidakio.

*Bomba tupu.* Hulia baada ya dakika 2. Hatua: hakikisha pampu imezimika. Pampu ina kinga yake ya kujizima isiungue ikikosa maji, na kazi hiyo hatuiachii kengele, kwa maana binadamu hawezi kukimbia haraka kiasi hicho. Kengele inatuita tukachunguze sababu. Kina cha ziwa letu hubadilika. Kati ya 2020 na 2024 maji yalipanda hadi kuzamisha makazi katika miji kama Bujumbura na Uvira, na miaka mingine hushuka. Kidakio kilichokuwa mahali pake jana kinaweza kuwa mahali pabaya kesho.

Chini ya ukurasa kuna majina ya watu watatu na zamu zao. Wa kwanza asipopatikana kwa dakika 15, anapigiwa wa pili. Kuna pia daftari la kengele lenye safu nne: saa, kengele gani, kilichokutwa, kilichofanyika. Kengele ikilia mara tatu bila kukutwa tatizo, kamati inakaa na fundi kurekebisha kikomo. Hakuna ruhusa ya kuchomoa waya.

Kila mwezi kengele hujaribiwa. Dira nyingi za aina hii zina sehemu ya majaribio inayoigiza mtiririko wa uongo, hivyo fundi anaweza kuiambia dira ijifanye inaona maji yanarudi, na wote wakasikia kama honi inalia. Anayejaribu na anayeshuhudia husaini. Namba ya siri ya kubadilishia mipangilio iko kwa watu wawili, na nakala yake iko ndani ya bahasha iliyofungwa katika kabati la ofisi ya usharika. Anayebadilisha tarakimu yoyote huandika ya zamani, mpya, tarehe na sababu.

Kwa miradi yenye dira ya pili, kwenye bomba linaloshuka kutoka tenki kwenda vijijini, tunashauri kuongeza jambo moja. Mahali ambapo mtandao wa mabomba hauzimwi usiku, tazameni mtiririko kati ya saa 8 na saa 10 usiku, watu wakiwa wamelala. Kiasi kinachopita saa hizo kwa kawaida ni uvujaji. Kikipanda kutoka wiki hadi wiki, mahali fulani udongo unakunywa maji yenu.

Neno kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa dhati kwa michango inayonunua pampu na dira. Tunaomba pia mtuelewe tunapoweka katika bajeti vitu visivyopigwa picha: ziara ya pili ya fundi baada ya miezi miwili ili kurekebisha vikomo kwa takwimu halisi, siku moja ya mafunzo kwa kamati nzima, betri ya akiba ya honi, daftari na muda wa maongezi wa simu. Mnapotutembelea, msiulize tu kama dira imefungwa. Ombeni kuona daftari la kengele. Daftari tupu kwa mwaka mzima lisiwafurahishe haraka. Pengine hakuna kilichoharibika, na pengine waya umechomolewa.

Tulichojifunza

Mwendesha pampu alirudishwa kazini na kulipwa posho ya miezi aliyosimamishwa. Kamati ilimwomba radhi mbele ya watu baada ya ibada, mahali pale pale ambapo maneno yalikuwa yamesambaa. Sisi wa ofisi ya miradi tulisafiri kutoka Sumbawanga kuomba radhi kwa upande wetu, kwa sababu ni sisi tuliosema kwamba dira haiwezi kukosea. Alitukaribisha nyumbani kwake, mkewe akatuandalia ugali na kuhe. Hakusema mengi. Alituuliza kama chujio jipya limeshafika.

Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anazungumza juu ya mlinzi na tarumbeta, na tumezoea kuisoma sura hiyo kama onyo kwa mlinzi anayenyamaza. Lakini sura hiyo hiyo ina upande wa pili: wapo wanaoisikia tarumbeta wasijali. Huku kwetu mlinzi aliona, akasema, na alama za mkaa akaziweka kijitini. Tuliokuwa tumelala ni sisi, tukiegemea kioo kilichoandika sifuri.

Kwa kamati zenye mradi wa maji, tunaomba jambo moja kabla ya toleo lijalo. Muiteni fundi wenu, fungueni orodha ya mipangilio ya dira, na andikeni kila tarakimu mnayoikuta humo. Mkikuta inahesabu upande mmoja tu, au kiwango cha kupuuza ni kikubwa, tuandikieni ofisini. Na kama pengo la maji limewafanya mmtazame mtu vibaya, ongeeni naye kabla ya kikao kijacho.